Ulimi wa Kuazima

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wenzetu wa bekari, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusaidia kumsindikiza dada yetu, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, ingawa ni haki niseme mapema kwamba familia haikunichagua mimi. Ilimchagua kaka yetu, kwa kuwa ana sauti nzuri na hana ugomvi na mtu, nami nikamwomba karatasi, akasita, nikamnyang'anya, kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kazi bega kwa bega na marehemu kwa miaka thelathini na moja, na sikuwa tayari kukaa kwenye kiti nikisikiliza mtu mwingine akisoma tarehe zake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mkate, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa fundi wa mabomba kiwandani hapo, na mama yetu, aliyekuwa mpishi wa shule. Kaka alimfuata mwaka 1964, na mimi kitinda mimba nikaja mwaka 1969, nikiwa na wivu tangu siku ya kwanza, kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Mama alikuwa akisimulia kwamba nilipokuwa na miaka mitatu nilimng'ata mtoto wa jirani kwa sababu Dada alikuwa amembeba mgongoni, na kwamba Dada hakunichapa, alimrudisha yule mtoto kwao akilia, akanibeba mimi, akaendelea kufagia uwanja.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1968 katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda, akamaliza shule ya msingi mwaka 1974, akaingia sekondari Januari 1975, na akaiacha Agosti 1976 baada ya baba kuanguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, si kwa kukosa akili, maana daftari zake ninazo na alama zake zinanitia wivu mpaka leo, ila kwa sababu nyumba ilihitaji mtu mwingine wa kuleta mshahara. Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya uokaji, akahitimu Novemba 1979, msichana pekee katika darasa la wavulana kumi na tisa, na cheti chake kikatundikwa sebuleni, mahali palipokuwa na picha yangu ya darasa la tatu, jambo ambalo nililiona na kulinyamazia.

Aliajiriwa tarehe 4 Februari 1980 katika kiwanda kikubwa cha mikate, akaanza kwa kupaka mafuta kwenye makopo ya kuokea, akawa mkandaji, kisha msimamizi wa oveni, na ni kwa jasho hilo mimi nilisoma mpaka mwisho. Tarehe 3 Agosti 1992 alifungua bekari yake mwenyewe katika barabara ya nyuma ya soko, chumba cha milango miwili chenye sakafu iliyopasuka, oveni ya matofali aliyoirithi kwa mzee aliyeacha kazi, na meza ndefu ya mbao ambayo miguu yake ilitofautiana urefu, na mimi nilikuwa naye tangu asubuhi ile ya kwanza, tukiwa wawili tu, unga mpaka kwenye kope.

Naomba niwaeleze jambo moja la kazi yetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichotokea baadaye. Kila siku donge la kwanza, kabla halijakatwa na kuingizwa kwenye makopo, lazima lionjwe likiwa bichi, kipande cha ukubwa wa ukucha, maana chumvi ikikosea hapo hakuna moto utakaoirekebisha, na mwonjaji akiridhika hutamka neno moja tu, Kata, ndipo visu vinaanza. Kwa miaka thelathini neno hilo lilikuwa la Dada, alikuwa akilisema bila kuinua macho, mimi nilikuwa mtu wa moto, na nilikuwa nimeshajipangia moyoni kwamba siku atakapozeeka neno hilo litanishukia mimi, kama nguo za mkubwa zinavyomshukia mdogo.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1985 na shemeji yetu, dereva wa lori la unga, mtu mpole aliyekuwa akipiga honi mara mbili akifika kiwandani hata kama lango liko wazi, na mimi, nikiwa na miaka kumi na sita, nilikataa kushika maua siku ya harusi nikidai naumwa jino. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1988, ambaye sasa ni mwalimu katika mji wa mbali na mama wa watoto wawili. Shemeji alitutoka mwaka 2011 kwa ugonjwa wa moyo, na nisipowaambia nitakuwa mnafiki, katikati ya msiba ule palikuwa na sehemu ya moyo wangu iliyosema, haya, sasa Dada amerudi kuwa wangu.

Hapa sina budi kumtaja wifi yangu, mke wa kaka, ambaye amekaa pale mstari wa pili na kitambaa cha kahawia, na tafadhali msigeuke wote kwa pamoja. Aliolewa kwetu tarehe 18 Julai 1998, na wiki chache kabla, siku alipoletwa kutambulishwa, Dada alimkatia kipande cha keki tuliyooka kwa ajili yake, wote tukaisifu, yeye akatafuna taratibu, akameza, akasema, "Nzuri, ila imekaa kwenye moto dakika tano zaidi." Kaka akaangalia viatu vyake, Dada akacheka mpaka akashika meza, na kila mtu alijua ni nani aliyekuwa kwenye moto siku hiyo. Mimi sikucheka, na kwa kweli ile keki bado imenikaa kooni. Mwaka 2003 wifi alianza kazi kwetu, akawekwa kwenye dirisha la mauzo, mahali ambapo niliona kabisa panamtosha.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Agosti 2022, alipogusa uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto wakati akifunga aproni, na tarehe 14 Septemba vipimo vya hospitali kuu vilithibitisha kwamba ni saratani. Wa kwanza kuambiwa alikuwa wifi, wa pili kaka, wa tatu mimi, na mpangilio huu naujua kwa sababu niliuliza. Tarehe 4 Oktoba 2022, siku ya Jumanne, alipata dripu ya kwanza ya dawa za saratani, na tangu hapo familia ikaachana na kalenda ya ukutani, ikaanza kuishi kwa wiki tatu tatu: Jumanne dripu, Jumatano anachangamka kwa nguvu ya vidonge mpaka anataka kupanga makabati yote, Alhamisi hadi Jumamosi yuko kitandani na ndoo pembeni, wiki ya pili vidonda mdomoni na kusukutua kwa maji ya chumvi, vidole vina ganzi hata hawezi kufunga kifungo, choo kimegoma, maji ya baridi yanamchoma mkononi kama umeme, kisha wiki ya tatu anaanza kufanana na mtu, anarudi kazini siku nne, tano, halafu Jumanne hiyo tena.

Nywele zilianza kubaki kwenye mto tarehe 20 Oktoba. Nilipopata habari nilienda dukani nikanunua mkasi mpya na wembe, nikapanga maneno ya kumwambia njiani, nikafika nikakuta kichwa kimeshanyolewa, nywele zimefungwa kwenye gazeti, wifi anafagia, na Dada anajiangalia kwenye kioo cha mkononi akicheka, kwa sababu wifi alikuwa amemwambia kwamba kichwa chake kina umbo la boga na afadhali amejua sasa. Mkasi ule niliurudisha nyumbani kwenye mfuko wake, na sijawahi kuutumia kukatia hata uzi.

Kwenye kadi ya mgonjwa pana mstari mmoja wa jina la msindikizaji, kwa sababu chumba cha dripu kina viti vya wagonjwa vinane na kando ya kila kimoja kigoda kimoja cha plastiki, na mwenye jina kwenye mstari ule ndiye anayeruhusiwa kukaa. Nilikwenda mapema, tarehe 24 Oktoba, siku moja kabla ya dripu ya pili, nikamwomba muuguzi anipe kadi nyingine niandike jina langu, nikamweleza kwamba mimi ni wa tumbo moja na wifi, aliyeandikwa pale, ni wa kuolewa tu, na muuguzi yule, ambaye leo yuko hapa na namshukuru kwa uvumilivu wake, akaniambia, "Mama, hapa si harusini, hakuna meza ya ndugu wa karibu."

Baada ya dripu hiyo ya pili, Dada alipoteza ladha. Kila alichoweka mdomoni kilikuwa na ladha ya msumari, chai msumari, supu msumari, mkate wake mwenyewe msumari, na kazini hakumwambia mtu. Jumatatu ya tarehe 31 Oktoba alikuja akiwa amefunga skafu, akapima chumvi mwenyewe, na kwa kuwa zile dawa zilikuwa zimemwachia ukungu kichwani, akaipima mara mbili. Donge likakandwa, akachukua kipande, akatafuna, akasimama, halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka thelathini, alikata kipande kingine akaninyooshea mimi, akasema, "Hebu onja."

Siku niliyoisubiri ndiyo hiyo. Niliweka kipande mdomoni, chumvi ikanikaba, nikaangalia ile skafu, nikaangalia wafanyakazi sita waliosimama na visu, nikaona siwezi kumwaibisha mbele za watu, nikasema, "Iko sawa, Dada. Kata." Tukakata, tukaoka mikate mia mbili na arobaini, na kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imeanza kurudi, wenye vibanda wameirudisha, wenye mahoteli wameirudisha, na mpishi wa shule akaja mwenyewe na trei tatu kuuliza kama siku hizi tumeacha mikate tunakausha samaki.

Dada hakunifokea. Alikaa juu ya gunia la unga, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, ulimi wako unanipenda mno. Mkate hautaki kupendwa, unataka chumvi yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Kesho yake akamwita wifi kutoka dirishani, akampa kipande cha donge bichi, wifi akatafuna, akakitema kwenye kiganja, akasema, "Chumvi haijafika." Dada akaongeza. "Sasa?" Wifi akaonja tena, akasema, "Sasa kata," na visu vikaanza, na mimi nikageukia oveni yangu nikafungua mlango ili watu wadhani machozi yale ni ya moshi.

Tangu siku hiyo Dada akawa anamwita wifi Ulimi Wangu. Si jina la kuvumilika. Ulimi Wangu njoo uonje, Ulimi Wangu hebu niambie uso wangu umekuwa wa njano, Ulimi Wangu daktari alipoangalia ile picha alikunja uso au hakukunja, na wifi alikuwa akijibu kila swali kama lilivyo, umekuwa wa njano, alikunja, leo unanuka dawa, hii skafu inakuzeesha vua. Mimi angeniuliza ningemwambia amependeza, na mimi niliona hayo ndiyo mapenzi. Nikawa nampikia supu, naipeleka kwenye chupa ya kuhifadhi joto, na nikirudi kesho naikuta imejaa vile vile, nikawaambia majirani kwamba kuna mtu anamwaga chakula changu kwa kijiba cha roho, na majirani mlionisikiliza mko hapa, naomba mjue leo kwamba supu ile ilikuwa na kitunguu, na harufu ya kitunguu ilikuwa ikimtapisha, na hilo wifi alikuwa ameniambia mara mbili.

Marehemu alimaliza dripu sita tarehe 17 Januari 2023, akafanyiwa upasuaji tarehe 23 Februari, na kuanzia tarehe 11 Aprili hadi tarehe 15 Mei alipata mionzi mara ishirini na tano, ngozi ya kifua ikawa nyeusi na kuchubuka mpaka akawa anavaa mashati ya marehemu shemeji kwa kuwa nguo za kubana zilimuumiza. Juni na Julai alipata nafuu, unywele mwembamba ukaota, sukari ikarudi ulimini, chumvi bado, na nilikuwa nikihesabu siku nikingoja chumvi irudi ili ule ulimi wa kuazima urudi dirishani kwenye mauzo. Tarehe 22 Agosti picha zilionyesha kwamba ugonjwa umehamia kwenye ini, na kuanzia tarehe 5 Septemba akaanza dripu za kila Jumanne, bila zile wiki za kupumua katikati.

Tangu hapo Dada hakuweza tena kuja kazini. Wifi alionja donge alfajiri, akaagiza likatwe, na saa mbili akaenda kwa Dada kushinda naye, wakati mimi nilifungwa na oveni Jumatatu hadi Jumamosi, kwa kuwa mwingine wa kuushika moto ule hakuna, basi Dada nikawa namwona Jumapili tu. Na kila Jumapili, saa nne, nilimkuta amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, amefunga skafu ya bluu, ananicheka nilivyonenepa, anataka umbea wa soko, anakula vijiko vitatu vinne vya nilichopika. Nilikuwa nikitoka pale nikijiambia kwamba Dada anapona, na kwamba hizo habari za ndoo na kutapika ni wifi anajitafutia sifa, na nililisema hili wazi, mbele ya kaka.

Sasa nafika mahali ambapo jana wakubwa wa familia walinishauri niruke, na sitaruka. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2023 Dada aliomba aletwe bekari kwa gari, akakalishwa kwenye kiti mbele ya meza, mwepesi kama mtoto, akawaambia wafanyakazi wote kwamba siku asipokuwepo, neno la Kata litakuwa la wifi yake, na moto utakuwa wangu. Alisema kwa sauti ndogo, na watu wakaitikia. Mimi nilivua aproni, nikaiweka mezani mbele yake, nikatoka bila kuaga, nikamwambia mwuza matunda wa mlango wa pili kwamba katika nyumba yetu damu imekuwa nyepesi kuliko maji.

Jumapili ya tarehe 10 Desemba sikwenda. Sikuwa na udhuru wowote. Nilizima simu, nikashusha mapazia ambayo hayakuwa machafu, nikayafua, nikayaanika, nikakaa uani kuyaangalia yakikauka. Nilitaka anikose. Nilitaka Jumapili moja tu aniulizie mimi, amtume mtu anifuate, ajue kwamba nami naweza kukosekana. Jumatatu nilirudi kwenye moto nikiwa na kiburi changu, nikamwona wifi akionja donge, sikumsalimu, naye hakuniambia kitu. Jumanne habari ikanikuta palepale kwenye oveni.

Jana mchana, kwa sababu karatasi ya historia inataka saa na dakika, na mwenye saa na dakika ni mmoja tu, nilikwenda kwa wifi na kalamu. Nilimkuta uani akisugua trei. Nilimuuliza saa, akanitajia, nikaandika, halafu, kwa kuwa roho yangu haina breki, nikamwambia kwamba amefaidi, dada alikuwa wangu lakini yeye ndiye aliyemla mzima mpaka mwisho. Akaweka trei chini. Maneno yake nayasoma kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake.

"Wifi, wewe ndiye wa kunionea mimi wivu? Mimi nimeshika ndoo miezi kumi na nne. Wewe ulikuwa unakuta kicheko. Kile kidonge kikali cha kutuliza tumbo alikuwa anapewa viwili kwa wiki. Kimoja cha siku ya dripu. Cha pili hakigusi, hata akitapika nyongo hakigusi, anakiweka kwenye kisahani mpaka Jumapili saa tatu, ili wewe ukija saa nne umkute amekaa. Jumamosi mimi hanisemeshi kutwa nzima, anasema anatunza sauti. Ukishafunga mlango tu namrudisha kitandani, na Jumatatu yote hana hali. Siku zote sita zilikuwa zangu, ndiyo, ila zote alikuwa ananisimamisha pembeni anaipikia Jumapili yako. Nilikuwa nakuonea kijicho mpaka nalia."

Nilimuuliza kuhusu Jumapili ya mwisho. Hakutaka kusema, nikamshika mkono ukiwa na sabuni, akasema. Kidonge kilimezwa saa tatu. Dada aliogeshwa, akafungwa skafu ya bluu, akakalishwa kwenye kiti kuanzia saa nne kamili, na saa tano aliuliza nimefika wapi, na saa sita aliuliza tena, na saa saba alipouliza mara ya tatu mabega yalikuwa yameshaanza kuinama, lakini alikataa kulala akasema nikimkuta kitandani nitaogopa. Ndipo wifi akatoka nje, akasimama kidogo barazani, akarudi akamwambia nimepiga simu, nina mafua makali, na nimekumbuka muuguzi alivyokataza mwenye mafua asimsogelee wakati damu yake iko chini. Dada akamwangalia usoni kwa muda mrefu.

"Ana homa?"

"Kidogo tu."

"Mwambie asifungue oveni kifua wazi. Haya, nirudishe nilale."

Na akalala vizuri, wifi anasema, kuliko siku zote za wiki ile. Nilimuuliza, yeye ambaye hakuweza kusifu hata keki ya utambulisho, alipata wapi ujasiri wa kusema uongo ule, akanijibu huku akichukua trei nyingine, "Nilijua ataniamini. Sijawahi kumdanganya hata kwa chumvi."

Kwa hiyo ndugu zangu, ule uaminifu niliouonea wivu tangu Novemba ya mwaka jana, nikautafutia kila dosari, mwenyewe aliutumia vibaya mara moja tu, na mara hiyo aliutumia kunisitiri mimi. Sina la kuongeza hapo.

Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 12 Desemba 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, wakati wifi amepiga magoti akimvalisha soksi ili waende kwenye dripu, mguu wa kushoto ukiwa tayari na wa kulia bado, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi tisa na siku tatu. Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja, mdogo mmoja, wifi mmoja, wafanyakazi sita, na donge la asubuhi ile ambalo lilikuwa limeshaonjwa na kukatwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha dripu na wa mionzi, ambao walimwita kwa heshima hata siku alizowatapikia viatu, inawashukuru majirani waliofagia uwanja wake bila kuombwa, na mwuza matunda wa mlango wa pili aliyesikia maneno yangu mabaya na hakuyapeleka popote, inawashukuru wafanyakazi wa bekari waliooka kila siku bila kukosa, na wateja walioirudisha mikate ile ya chumvi kisha kesho yake wakarudi kununua. Kaka, nakushukuru kwa karatasi. Wifi, ni desturi mwisho wa shukrani mtu aseme kwamba ameyasamehe yote na moyo wake ni mweupe, mimi siwezi kusema hivyo hapa, bado nakuonea wivu, ile saa tatu na dakika ishirini naionea wivu, zile soksi nazionea wivu, na nadhani nitakufa nao. Lakini kesho alfajiri nitawasha moto, na sitafungua mlango wa oveni mpaka nikusikie wewe ukisema.

Dada, mimi sikuwa na mafua. Nisamehe, upumzike kwa amani.